Mwitiko Usiokiri Jina Lake

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumwonea haya msomaji. Mwanafunzi wa uzamili hufunzwa mapema kwamba kusema kitabu kimemchosha, kimemkera au kimemliza ni utoto, kwani mtaalamu huzungumzia maudhui, fani na itikadi. Funzo hilo lina nusu ya ukweli. Nusu ya pili husahauliwa: asiyeguswa na kitabu hana la kukihakiki, na aliyeguswa akaficha huivisha hisia yake joho la nadharia, kisha akaiketisha katika kiti cha hakimu. Makala haya yanadai kwamba mwitiko uliofichwa umeidhuru fasihi yetu kuliko ule uliokiriwa.

Ushahidi wa kwanza umo katika ushairi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, waliochukizwa hawakukiri kwamba masikio yao, yaliyolelewa na vina vya kati na vya mwisho, yalikosa raha. Walitangaza kwamba tungo hizo si mashairi. Kanuni alizozieleza Amri Abedi mwaka 1954 kwa manufaa ya wanaojifunza kutunga ziligeuzwa hati ya mashtaka. Baadhi ya watetezi wa mashairi huru nao walitenda kosa lilo hilo kwa upande wa pili, wakaviita vina pingu. Sauti ya Dhiki (1973) inawasuta. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi?, alizitunga tungo hizo gerezani kati ya 1969 na 1972, na akashikilia vina na mizani. Katika “Mnazi: Vuta N’kuvute”, Alii na Badi wanajibizana kwa ubeti hadi ugomvi wa ndugu wawili juu ya mti mmoja unakuwa ugomvi wa taifa. Umbo la kujibizana ndilo linalozaa maana hiyo. Msomaji anayeisoma diwani hii kwa huruma tu, kwa kuwa mtunzi wake aliteswa, haioni kazi hiyo ya sanaa. Huruma yake ni ya kweli, ila amekomea mlangoni.

Katika riwaya madhara yalikuwa makubwa zaidi. Rosa Mistika (1971) ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, ingawa baadaye iliruhusiwa na ikafundishwa. Kilichowashtua watu wazima ni jinsi kitabu kilivyotaja mambo ya mwili bila kupepesa. Mshtuko huo ungekiriwa, ungezaa swali lenye faida: je, riwaya inausifu upotovu wa Rosa, ama inaushtaki ukali wa Zakaria, baba anayedhani kwamba kiboko ni malezi? Swali hilo hujibiwa kwa kusoma. Badala yake, mshtuko ulijiita ulinzi wa maadili, na ulinzi huo haukuhitaji kusoma hadi mwisho. Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la adabu za semina. Hisia inayokana kwamba ni hisia ina uwezo wa kukiondoa kitabu mikononi mwa kizazi kizima.

Kosa hili huongezeka msomaji anapotoka utanzu mmoja na kuingia mwingine akiwa na mizani ile ile. Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971) mara nyingi husomwa kimya kama riwaya iliyokatwakatwa, kisha hulaumiwa kwa ugumu. Lakini Juma na Kitaru wanapoigiza shetani na binadamu, kinachotisha ni mwili unaobadilika mbele ya macho, na hilo halipatikani kwa kupitisha jicho juu ya karatasi. Nagona (1990) nayo huambiwa haina visa vinavyofuatana, kana kwamba iliahidi kuwa navyo. Kwa upande mwingine, Siku Njema ya Ken Walibora (1996) hushukiwa kwa sababu inapendeza. Safari ya Kongowea kutoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake humvuta msomaji, naye mhakiki, akiogopa kuonekana mwepesi, huihesabu furaha yake mwenyewe kuwa dosari ya kitabu. Kwa mantiki hiyo, kinachochosha ni kizito na kinachofurahisha ni chepesi. Huo ni woga uliojipa jina la kipimo.

Patakuwa na wapinzani watakaosema kwamba kumruhusu msomaji aseme alivyoguswa ni kuufungulia uhakiki mlango wa vurugu, kila mmoja na ladha yake. Hoja hii ingesimama iwapo mwitiko ungedaiwa kuwa hukumu. Haudaiwi hivyo. Mwitiko ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Aliyechoshwa na Nagona aoneshe ni ukurasa upi uliomchosha, aeleze alikuwa akingojea nini pale, kisha aulize kama matarajio hayo yalitoka katika kitabu chenyewe au aliyabeba kutoka riwaya nyingine. Akikuta yametoka kitabuni, amepata dosari ya kweli. Akikuta aliyabeba, amejifunza jambo kumhusu msomaji ambaye fasihi yetu imemlea. Mavuno yote mawili ni ya uhakiki. Anayenyamaza kuhusu uchovu wake na kuandika kwamba “muundo umelegea” hajavuna lolote, na amemnyima mwenzake nafasi ya kumpinga.

Idara zinazofundisha fasihi hazina budi kuyaangalia upya mazoea haya. Mwanafunzi anayeandika kwamba kitabu kimemwuma hastahili kufutiwa sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, bali anastahili kuulizwa: kimekuuma wapi? Akishajibu kwa kidole kilichowekwa juu ya ukurasa, hapo ndipo nadharia iitwe imsaidie. Ikitangulia kuitwa, itakuja kumficha.