Sauti Ina Mwenyewe

Juma hili tunataka kubishana na usemi mmoja unaopendwa na wakusanyaji wa santuri za waimbaji wakubwa wa opera na muziki wa klasiki. Husema: sisi tunapenda sauti tu, habari za mwenye sauti hazituhusu. Usemi huu umevaa joho la hekima. Unaonekana kumwepusha msikilizaji na umbeya na kuipa sanaa heshima yake. Sisi tunasema kwamba ni usemi wa hatari, kwamba watu wa Kanisa letu waliuishi kwa karne tatu, na kwamba waliolipa gharama yake walikuwa watoto.

Tusieleweke vibaya. Hatuna ugomvi na mtu anayehifadhi santuri, kaseti au diski za waimbaji awapendao. Anayeweza kutambua, kwa kusikia sekunde chache tu, kwamba huyu ni Maria Callas katika Tosca iliyorekodiwa Milan mwaka 1953, wala si Renata Tebaldi, amejifunza kusikiliza kwa makini. Na dunia ya leo ina uhaba mkubwa wa watu wanaojua kusikiliza. Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alihangaika na jambo hili. Alijiona ana kosa kila mara uzuri wa uimbaji ulipomgusa kuliko yale yaliyokuwa yakiimbwa. Hata hivyo alielekea kuzikubali nyimbo kanisani, kwa kuwa alijua zinavyoweza kuinua roho iliyo dhaifu. Yeye aliogopa tusije tukasahau neno kwa ajili ya sauti. Sisi tunaongeza hofu ya pili: tusije tukamsahau mtu.

Tuanze nyumbani kwetu, kwa maana asiyefagia ua wake hana haki ya kumnyoshea jirani kidole.

Mwezi wa Aprili 1902, mafundi wa kampuni ya Gramophone ya London walikuwa Italia. Huko Milan walimrekodi kijana mmoja aliyeitwa Enrico Caruso, nyimbo 10 kwa malipo ya pauni 100. Wapenzi wa santuri wanaisimulia siku hiyo hadi leo, kwa kuwa santuri zile ziliwaonyesha watu kwamba chombo kilichodhaniwa kuwa kichezeo chaweza kubeba sauti ya mwimbaji mkubwa. Mwezi huohuo, huko Roma, mafundi walewale waliwarekodi waimbaji wa kwaya ya Kikanisa cha Sistina. Miongoni mwao alikuwamo Alessandro Moreschi, mwanamume wa miaka 43 aliyeimba sauti ya kwanza. Kampuni ilirudi kumrekodi tena mwaka 1904. Moreschi alikuwa towashi. Alikatwa angali mtoto ili sauti yake isipate kuwa nzito kama za wanaume wengine. Katika matowashi wote walioimba Ulaya, ni yeye peke yake aliyeacha santuri za kuimba peke yake.

Tunaomba msomaji asiipite haraka sentensi hiyo. Jambo hili lilitokeaje mahali pa sala? Wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika kwaya za kanisa, kwa jinsi maneno ya Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho yalivyofasiriwa wakati ule. Wavulana waliweza kuimba sauti za juu, lakini walipokwisha kufundishwa vema walibaleghe, na kazi ikaanza upya. Ndipo watu wakagundua kwamba mvulana aliyekatwa hukua kifua na mapafu kama mtu mzima, huku nyuzi zake za sauti zikibaki ndogo. Tangu mwishoni mwa karne ya 16 matowashi wakawa wanaimba katika kwaya ya Papa. Baadaye majumba ya opera yakawachukua pia, na baadhi yao, kama Carlo Broschi aliyejulikana kwa jina la Farinelli, wakawa matajiri na marafiki wa wafalme. Wengi zaidi hawakupata sifa wala mali. Walikuwa watoto wa maskini ambao wazazi wao walitumaini kwamba sauti ya mtoto mmoja ingeilisha nyumba nzima.

Nani alifanya kazi hiyo ya kisu? Hakuna! Tendo lenyewe lilikatazwa, hivyo kila familia ilikuwa na kisa chake: mtoto alianguka kutoka juu ya farasi, mtoto alijeruhiwa na nguruwe mwitu. Mwingereza Charles Burney, aliyesafiri Italia mwaka 1770 kuchunguza habari za muziki, aliuliza ni wapi watoto hukatwa. Milan wakamwambia ni Venice. Venice wakasema ni Bologna. Bologna wakasema ni Florence. Florence wakasema ni Roma. Roma wakamwelekeza Napoli. Nchi nzima ilifurahia tunda, wala hakuna aliyekubali kuujua mti. Hivyo ndivyo usemi wetu wa mwanzo unavyokaa unapovuliwa joho lake. Sisi tunapenda sauti tu. Habari za mwenye sauti hazituhusu.

Jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba dawa ilikuwapo muda wote, tena haikuhitaji fedha. Ilikuwa ni kuwaacha wanawake waimbe. Kwa karne tatu ilionekana afadhali kumkata mtoto kuliko kumruhusu mama yake afungue kinywa chake kanisani. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius X aliagiza kwamba sauti za juu katika kwaya za kanisa ziimbwe na wavulana. Kwa wanawake mlango ulikuwa bado umefungwa. Maelekezo ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 yalikubali waziwazi kwaya zenye wanaume na wanawake. Kina mama na mabinti wanaoimba sauti ya kwanza katika parokia zetu kila Dominika wajue basi kwamba nafasi wanayosimama imegharimu. Na anayewadharau ajue anadharau nini.

Sasa tuwageukie wasikilizaji wa Moreschi wa siku hizi, maana kuna makundi matatu, na yote matatu tunayapinga.

Kundi la kwanza hucheka. Huzicheza santuri zile mbele ya wageni kama kioja, ili watu washangae mwanamume mwenye sauti ya namna ile. Kweli sauti yenyewe inatetemeka na mara nyingine huteleza. Kumbukeni alikuwa akiimba mbele ya honi ya bati, kwani maikrofoni za kurekodia hazikuanza kutumika hadi mwaka 1925. Lakini hata kama angeimba vibaya kuliko wote waliopata kuimba, mtu aliyejeruhiwa utotoni si kichekesho cha sebuleni.

Kundi la pili husikitika kwamba sauti ile imepotea duniani. Wao husema utamu wake ulikuwa wa mbinguni, na kwamba muziki ulioandikwa kwa ajili yake hautasikika tena ulivyokusudiwa. Kwao tunajibu kwa ufupi: na usisikike. Hakuna wimbo, hata uwe wa sifa kwa Mungu, unaostahili kununuliwa kwa mwili wa mtoto. Mungu aliyemzuia Abrahamu asimchinje Isaka hakuomba sadaka hii.

Kundi la tatu lina nia njema zaidi, nalo husema: zivunjeni, zisisikilizwe tena, zimezaliwa na dhambi. Hapa ndipo tunapobishana kwa upole lakini kwa uthabiti. Moreschi hakujikata mwenyewe. Lakini kuimba aliimba mwenyewe, kwa akili yake, kwa juhudi ya miaka mingi na kwa imani yake. Wakubwa walimnyang'anya mwili wake bila kumuuliza. Tukimnyang'anya na wimbo wake, tutakuwa tumemdhulumu mara mbili, na mara hii kwa jina la haki. Santuri zile zihifadhiwe na zisikilizwe, ila asikilizwe yeye.

Mtu aweza kutuambia kwamba hayo ni mambo ya kale, yamezikwa pamoja na Moreschi aliyefariki mwaka 1922. Laiti ingekuwa hivyo! Kisu kimeachwa, lakini mazoea ya kuitenga sauti na mwenyewe yamebaki.

Mtazameni Marian Anderson, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1897, mwenye sauti nzito ya kike iliyoshangaza Ulaya na Marekani. Santuri zake zilikuwa zikiuzwa tangu miaka ya 1920. Mtu yeyote aliweza kumsikiliza sebuleni kwake. Lakini mwaka 1939 alipotafutiwa ukumbi mkubwa wa Constitution Hall mjini Washington, wenye ukumbi, chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, walikataa, kwa kuwa hawakupokea wasanii Weusi. Sauti ilikaribishwa ndani. Mwenyewe akafungiwa mlango. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alijiuzulu katika chama hicho. Na Dominika ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939, Anderson aliimba nje, mbele ya sanamu ya Abraham Lincoln, watu wapatao 75,000 wakimsikiliza. Jumba la opera la Metropolitan mjini New York halikumpandisha jukwaani hadi tarehe 7 Januari 1955, alipokuwa na miaka 57 na miaka bora ya sauti yake ilikuwa imekwisha kupita. Yeyote mwenye santuri zake asizisifu bila kukumbuka kwamba kuna opera ambazo hatutamsikia akiziimba kamwe. Pengo lile katika kabati ya mkusanyaji halikuletwa na bahati mbaya. Liliwekwa na watu.

Mtazameni na Kathleen Ferrier wa Uingereza, aliyekuwa mpokea simu kabla ya kujulikana kwa uimbaji. Mwaka 1951 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Mwezi wa Mei 1952, akiwa mgonjwa, alirekodi huko Vienna Wimbo wa Dunia wa Gustav Mahler chini ya kiongozi wa okestra Bruno Walter. Tarehe 6 Februari 1953, akiimba Orfeo ya Gluck katika jumba la Covent Garden, mfupa wa mguu wake ulivunjika jukwaani, naye akaimba hadi mwisho. Alifariki tarehe 8 Oktoba mwaka huo, akiwa na miaka 41. Wako wakusanyaji wanaoitafuta rekodi ya Vienna ili wasikie kifo ndani yake, kama wapita njia wanaozunguka ajali barabarani. Huko nako ni kumsahau mtu, ingawa kunajidai kumkumbuka. Ferrier hakuimba ili tuchungulie maumivu yake. Aliimba kwa sababu alikuwa mwimbaji na kazi yake ilikuwa bado mikononi mwake. Tofauti kati yake na Moreschi ni kubwa, nayo ndiyo kiini cha mafundisho yetu: mwingine alitolewa na wengine, mwingine alijitoa.

Imani yetu inasema nini? Inasema Neno alitwaa mwili. Hakuja kama sauti inayoelea hewani. Mtakatifu Agostino aliwafundisha watu wake kwamba Yohane Mbatizaji alikuwa sauti na Kristo ndiye Neno. Sauti hupita, Neno hudumu. Lakini hata Yohane, aliyejiita sauti tu, alikuwa na shingo, na Herode aliikata. Biblia yasimulia kwamba Herode alipenda kumsikiliza. Alipenda kumsikiliza, akamfunga gerezani, kisha akamuua! Hakuna mfano mkali kuliko huo wa msikilizaji aliyeipenda sauti na asimjali mwenyewe.

Basi tufanye nini, sisi tunaopenda waimbaji na rekodi zao?

Kwanza, tujifunze jina na maisha ya kila tunayemsikiliza, kwa heshima anayostahili ndugu, si kwa uchu wa siri zake.

Pili, tusiwe wezi. Anayedurufu kazi ya mwimbaji aliye hai ili asimlipe, awe nyota wa opera au kwaya ya kigango iliyochangishana kurekodi kaseti moja, anakula jasho la mwingine na kuliita mapenzi ya muziki.

Tatu, tuangalie kwaya zetu wenyewe. Mwanakwaya mwenye sauti nzuri hufuatwa hadi nyumbani akikosa mazoezi siku moja kabla ya sherehe. Akiugua miezi mitatu, ni wangapi hufika kumjulia hali? Mtoto mwenye kipaji hupangiwa mazoezi hadi usiku. Nani anauliza kuhusu masomo yake na usingizi wake? Parokia inayomtafuta mtu kwa sababu ya sauti yake pekee haijaachana bado na mazoea yaliyomkata Moreschi.

Nne, tuwaombee. Sehemu kubwa ya santuri za zamani ni sauti za marehemu. Kanisa hutufundisha kuwaombea waliotutangulia, nasi tunapokea furaha kutoka kwao kila jioni bila hata kuwatolea Raha ya Milele moja. Mwezi wa Novemba unapofika, pamoja na majina ya ndugu zetu, tuwaandike na Alessandro, na Marian, na Kathleen katika bahasha za nia za Misa. Hao ni watu waliobatizwa au waliomwimbia Mungu wetu, na deni letu kwao halikuisha siku tuliponunua santuri.

Bwana wetu anawaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Tukianza nasi kuwaita kwa majina wale tunaowasikiliza, masikio yetu yatakuwa yameanza kuongoka.