Kulabu za Kijiko cha Trekta
Mkulima atakaye kulehemu kulabu za minyororo kwenye kijiko cha mbele cha trekta lake, namsihi asizitie katikati ya ukingo wa juu, ambapo bati ni jembamba na hupinda gogo zito likining'inia, bali kwenye pembe, mkabala na mikono inyanyuayo, juu ya kipande cha chuma kinene kitakachoutawanya uzito. Na kabla ya moto kuwashwa, rangi ikwanguliwe hata chuma king'ae, na nyaya za betri zifunguliwe. Lakini hofu yangu kubwa si lehemu: mzigo wa mbele huyapunguzia uzani magurudumu ya nyuma, na trekta huweza kupinduka kwa ghafula, hasa penye mteremko, kwa hiyo sioni udhuru wowote wa kutofunga uzani nyuma, wala wa kuliinua gogo kupita haja likiwa njiani.