Msalaba hubebwa kila siku, wala haubebeshwi mwenzio

Sisi tukaao Kapsoya, na wakazi wa Eldoret kwa jumla, hatuhitaji kufafanuliwa sana mfano wa Mtume Paulo katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, alipomlinganisha Mkristo na mwanariadha. Kila alfajiri, kabla ya utingo wa matatu kuanza kuita abiria wa mjini, wakimbiaji huwa wamekwisha kupita barabarani katika baridi. Huko Kaptagat, si mbali na hapa, Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya mwaka 2016 na tena ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021, alizoea kuishi kambini siku za juma mbali na jamaa yake, akishika zamu ya usafi, hata wa vyoo, sawasawa na chipukizi wasiojulikana. Hao wote hujinyima kwa ajili ya taji ambalo Paulo anatukumbusha kuwa hunyauka. Je, Mkristo anayetazamia taji lisilonyauka hujinyima nini katika Jumatano ya kawaida, isiyo ya Majivu wala ya sikukuu?

Nauliza hivi kwa sababu tumezoea kujinyima kwa msimu. Kwaresima ikiingia, huyu huacha nyama, yule huacha sukari katika chai. Ikiitishwa harambee ya kanisa, twatoa kwa mkono ulioinuliwa juu ili majina yetu yasomwe katika kipaza sauti. Pasaka ikipita, kila mtu huyarudia yake. Sisemi kuwa mazoea hayo ni mabaya. Nasema hayatoshi. Injili tatu, yaani Mathayo, Marko na Luka, zimeandika agizo la Yesu la kujikana na kuubeba msalaba, lakini ni Luka peke yake, katika sura ya 9, anayeongeza kuwa jambo hilo ni la kila siku. Nyongeza hiyo ndogo yatuondolea udhuru wote. Nafasi ya kufa kishujaa huwapata wachache, ilhali siku ya leo humpata kila aliyeamka.

Ieleweke pia kuwa kinachokanwa si tumbo pekee. Nafsi ina madai mengi kuliko chakula. Hudai heshima, hudai neno la mwisho, hudai kisasi, na hapa kwetu hudai kabila. Mji wetu uliyalipia madai hayo kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokuwa wamelikimbilia kujiokoa, wengi wao wanawake na watoto. Yalitendeka hayo katika eneo lenye makanisa kila upande, ambako Kwaresima zilikuwa zimefungwa mwaka baada ya mwaka. Ni dhahiri kuwa wengi tuliojua kukinyima kinywa mkate hatukuwa tumejifunza kuunyima moyo chuki.

Katika siku zizo hizo alikuwapo aliyejifunza. Marehemu Askofu Cornelius Korir, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Eldoret tangu mwaka 1990 hadi alipofariki tarehe 30 Oktoba 2017, aliwapokea maelfu ya wakimbizi katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Yeye alikuwa Mkalenjin, na wengi wa wale aliowahifadhi walikuwa Wakikuyu. Nafsi ingalimshauri kunyamaza au kuegemea upande wa kwao, naye hakuisikiliza. Hata hivyo, linalonigusa zaidi ni kazi aliyoifanya baada ya moshi kutulia na waandishi wa habari kuondoka. Aliwakutanisha wazee wachache wa upande huu na wachache wa upande ule, wakasemezana, wakaongezeka kidogo kidogo, hadi jamii zikaanza kushirikiana tena. Njia hiyo aliieleza katika kitabu *Amani Mashinani*, kilichotolewa mwaka 2009. Ilikuwa kazi ya kusikiliza matusi bila kuyajibu, mkutano baada ya mkutano. Huo ndio msalaba wa kila siku.

Hapa napenda kutoa onyo, kwa kuwa najua kuwa walimu wengi watakaosoma haya wamekwisha kukunja uso. Neno kujitolea limetumiwa mara nyingi kuwafunga vinywa. Mwaka 2024, walimu wanagenzi wa shule za sekondari msingi, waliokuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, waligoma wakidai ajira ya kudumu. Wapo ambao katika nyakati kama hizo huwaambia walimu kuwa ualimu ni wito, na kuwa mwenye wito haulizi mshahara. Hayo si mafundisho ya Kikristo. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anawakemea watu waliofunga huku wakiwadhulumu watumishi wao, akasema kuwa saumu impendezayo Mungu ni ile inayovunja nira na kumgawia mwenye njaa chakula. Msalaba mtu hujitwika mwenyewe. Anayemtwika mwenzake, naye akibaki mikono mitupu, hajajinyima chochote; amenyima mtu haki yake na kuipaka dhuluma mafuta matakatifu.

Mtazameni Peter Tabichi, mtawa Mfransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, Kaunti ya Nakuru, na ambaye mwaka 2019 alitunukiwa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye zawadi ya dola milioni 1. Alikuwa akitoa takriban asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Hakuna mwajiri aliyemkata fedha hizo. Alilipwa chake, kisha akakitoa kwa hiari. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi mwalimu anaweza kudai haki yake asubuhi na kujinyima jioni, wala mambo hayo mawili hayapingani.

Kujinyima kwenyewe kuna sura gani darasani? Ni kuandaa vizuri somo ambalo hakuna mkaguzi atakayekuja kulitazama. Ni kumweleza mara ya nne mwanafunzi mzito bila kumtolea kejeli iliyokwisha kufika ncha ya ulimi. Ni kumpa alama anayostahili mtoto wa jamii usiyoipenda. Kwa mwanafunzi, ni kukataa karatasi ya mtihani iliyovuja hata kama darasa zima limeiona, ni kumwazima kitabu yule anayeshindana nawe nafasi ya kwanza, na kumgawia chakula cha mchana aliyekuja mikono mitupu bila kuwatangazia wengine.

Huenda mtu akasema kuwa hayo ni madogo mno kuitwa msalaba. Wahenga walijibu zamani kuwa haba na haba hujaza kibaba. Chuki iliyotuchomea nyumba nayo ilijazwa hivyo hivyo, kwa mzaha mmoja wa kikabila leo na upendeleo mmoja kesho. Atakayeshindwa kumnyamazia mwenzake neno moja la dharau katika chumba cha walimu asitarajie kuwa atamfungulia mlango siku ya moto. Na tuanze basi leo, mwalimu na mwanafunzi, kwa jambo moja ambalo nafsi yalidai na jirani analihitaji.