Aliyeteleza jukwaani ndiye mwenye haki ya kucheka kwanza

Msikilize mwanamuziki mkongwe wa roki anapohojiwa, au kisome kitabu cha maisha yake. Aghalabu hatakusimulia kwa kirefu usiku ule ambao kila gita lililia vyema na kila taa ikawaka kwa wakati wake. Usiku kama huo huutaja kwa sentensi moja, akaupita. Masimulizi yake huchangamka anapoufikia usiku wa balaa: mapambo yaliyokataa kuenea ukumbini, mpiga ngoma aliyezirai, mtambo uliowafungia wenyewe ndani. Hapo hucheka hadi machozi yakamtoka, na msikilizaji naye akacheka pamoja naye.

Wapo wanaoyaona masimulizi ya namna hii kuwa porojo za watu waliokwisha kushiba sifa. Mimi nayaona kuwa somo, tena somo linalowahusu walimu na wanafunzi wetu kuliko linavyowahusu mashabiki wa roki. Kila mwaka shule zetu huwapandisha watoto wengi jukwaani katika tamasha za muziki na za drama. Tunawafunza kuimba, kucheza na kughani. Jambo tusilowafunza ni namna ya kuendelea pale mambo yanapoharibika mbele ya macho ya watu.

Tukitazame kisa cha Black Sabbath, bendi iliyotoka Birmingham, Uingereza. Mnamo mwaka wa 1983 bendi hiyo ilifunga safari ya kuitangaza albamu yake, Born Again, ikiwa na mwimbaji mpya, Ian Gillan, ambaye jina lake lilikuwa limevuma hapo awali katika bendi ya Deep Purple. Wakaazimia kuweka jukwaani mfano wa Stonehenge, yale mawe makubwa yaliyosimamishwa na watu wa kale kusini mwa Uingereza. Kwa mujibu wa masimulizi ya Geezer Butler, mpiga gita la besi wa bendi hiyo, kimo kilichokusudiwa kilikuwa futi 15, lakini vipimo vikawafikia mafundi vikiwa mita 15. Mwanafunzi wa gredi ya sita atakueleza tofauti iliyopo: futi 15 ni kama mita nne na nusu, ilhali mita 15 ni kimo cha jengo la ghorofa kadhaa. Mawe bandia yalipowasili, ikawa ni kioja. Kumbi nyingi hazikuweza kuyapokea.

Hayo hayakuwa yote. Gillan hakuwa ameyakariri maneno ya nyimbo za zamani za bendi hiyo. Wenzake na yeye mwenyewe wamesimulia kwamba aliona heri ayaandike na kuyaweka sakafuni, karibu na miguu yake, apate kuyachungulia huku akiimba. Jambo ambalo hakulipigia hesabu ni kwamba onyesho hilo lilitumia moshi mweupe wa barafu kavu, na moshi wa aina hiyo ni mzito, haupandi juu, hutambaa chini. Ukayafunika maandishi yote. Ikawa mwimbaji anainama na kuzama ndani ya moshi, anasoma mstari, kisha anaibuka tena kuuimba mbele ya maelfu ya watu.

Lau visa hivi vingesimuliwa na adui wa Black Sabbath, vingekuwa kashfa. Vingethibitisha kwamba bendi ilikuwa imekwisha, kwamba haikujua hata kupima wala kukariri. Lakini wanaovisimulia ni wenye visa. Butler ndiye anayeyataja mawe. Gillan ndiye anayeutaja moshi. Kwa kuwa wao ndio waliocheka kwanza, kicheko chetu hakiwavunjii heshima. Kinawaongezea.

Mwaka mmoja baadaye, mnamo 1984, ilitoka filamu ya kuchekesha iitwayo This Is Spinal Tap, iliyoongozwa na Rob Reiner. Filamu hiyo inahusu bendi ya kubuni ambayo hakuna mkosi usioifika. Humo pia mna Stonehenge, ila kosa lenyewe limepinduliwa: badala ya futi 18, mchoro umeandikwa inchi 18, na jiwe linaloteremshwa jukwaani kwa mbwembwe nyingi halizidi kimo cha stuli. Humo pia mna mwanamuziki anayenaswa ndani ya kifuko kilichokusudiwa kufunguka na kumdhihirisha kwa mashabiki.

Watazamaji walidhani kwamba mambo kama hayo ni ya filamu tu. Ikaja zamu ya U2, bendi ya Dublin, Ireland, iliyokuwa miongoni mwa bendi kubwa kabisa duniani. Katika ziara yao ya PopMart, iliyoanza Las Vegas mwezi wa Aprili 1997, walisafiri na limau kubwa lenye kimo cha kama mita 12, lililofunikwa kwa vipande vya vioo. Wanamuziki wote wanne walipanda ndani yake, likasogea kuelekea katikati ya uwanja, kisha likafunguka nao wakashuka kama wageni kutoka sayari nyingine. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Mjini Oslo, Norway, mwezi wa Agosti mwaka uo huo, limau lilikataa kufunguka ipasavyo. Matajiri hao wa sifa wakalazimika kutokea nyuma, kwa ngazi. Je, waliivunja ziara? La hasha. Waliendelea nayo hadi Machi 1998, wakaihitimishia Johannesburg, Afrika Kusini, na limau likabaki kuwa mojawapo ya hadithi ambazo wenyewe wameicheka miaka nenda miaka rudi.

Kuna sifa ya pili katika visa hivi, nayo ni kwamba kazi ilimalizwa. Tarehe 12 Juni 2015, katika uwanja wa Ullevi mjini Gothenburg, Sweden, Dave Grohl wa bendi ya Foo Fighters alianguka kutoka jukwaani onyesho likiwa changa, akavunjika mguu. Akiwa angali chini, aliwaahidi mashabiki kwamba angerudi. Wenzake wakaendelea kupiga naye akihudumiwa na matabibu. Kisha akarejea, akaketi kitini huku tabibu akiushikilia mguu wake, akaliendeleza onyesho hadi tamati. Maonyesho kadhaa yaliyofuata yalifutwa, lakini tarehe 4 Julai mwaka huo Grohl alitokea jukwaani mjini Washington akiwa ameketi juu ya kiti cha enzi kilichozungukwa na taa na shingo za magita, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amebuni umbo lake. Mwaka uliofuata Axl Rose wa Guns N' Roses naye aliumia mguu, akaazimwa kiti kicho hicho. Mkasa ukageuka samani, na samani ikamfaa mwingine.

Simsifu Grohl ili mtoto yeyote aige mfano wa kusimama kwa mguu uliovunjika. Mahali pa mguu uliovunjika ni hospitali. Ninachosifu ni kule kukataa kwake kuiacha aibu iwe ndiyo neno la mwisho.

Hata hivyo, si kila kicheko cha jukwaani ni safi, na hapa yatupasa tuwe waangalifu. Tarehe 20 Novemba 1973, bendi ya The Who ilikuwa ikitumbuiza katika ukumbi wa Cow Palace, karibu na San Francisco, Marekani. Keith Moon, mpiga ngoma wake, alizirai juu ya ngoma zake. Akaondolewa, akarudishwa, akazirai tena. Mpiga gita Pete Townshend akawageukia watazamaji na kuuliza kama miongoni mwao palikuwa na mtu awezaye kupiga ngoma, tena azipige vizuri. Kijana wa miaka 19 aitwaye Scot Halpin, aliyekuwa amekuja kutazama tu, akasukumizwa mbele na rafiki yake. Akapanda, akaketi, akapiga nyimbo tatu pamoja na The Who hadi mwisho wa onyesho.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na ni haki kisimuliwe, maana ni nadra mtu kuingia ukumbini akiwa shabiki na kutoka akiwa mpiga ngoma wa bendi aliyoijia. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu. Moon hakuzirai kwa uchovu. Alizidiwa na vileo na dawa alizokuwa ametumia. Mnamo Septemba 1978 alifariki akiwa na umri wa miaka 32, kwa kuzidisha vidonge alivyopewa vimsaidie kuacha pombe. Anayewasimulia wanafunzi kisa cha Halpin bila kuwaeleza mwisho wa Moon anawapa asali na kuwaficha nyuki.

Sifa ya tatu, basi, na iliyo kubwa kuliko zote, ni kwamba kosa huchekesha pale tu ambapo halikumdhuru mtu. Tarehe 20 Februari 2003, bendi iitwayo Great White ilianza kutumbuiza katika kilabu kimoja mjini West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani. Fataki zilizowashwa mwanzoni mwa onyesho zikaunguza sponji iliyobandikwa ukutani ili kupunguza kelele. Kwa muda mfupi baadhi ya watazamaji walidhani miali ile ilikuwa sehemu ya burudani. Watu 100 walipoteza maisha, mmoja wao akiwa mpiga gita wa bendi hiyo. Hakuna atakayeketi kuusimulia usiku huo kwa kicheko. Maji yakimwagika hayazoleki. Umbali kati ya limau la Oslo na moto wa West Warwick si bahati tu. Kwa sehemu kubwa ni tahadhari: kuna mlango wa nyuma, au hakuna, kuna aliyekagua ukuta, au hakuna.

Tuyalete haya nyumbani. Mtoto wa gredi ya tano anasimama kughani shairi katika tamasha. Beti mbili zinakwenda sambamba; wa tatu unapotea. Ukumbi unanyamaa kidogo, kisha kicheko kinaanzia viti vya nyuma na kuenea. Mwalimu wake, aliye kando ya jukwaa, anajishika kichwa. Mtoto anashuka akilia. Njiani kurudi shuleni hakuna anayemsemesha, na kesho yake jambo hilo linatajwa gwarideni mbele ya shule nzima. Mwaka unaofuata anapoulizwa kama atashiriki, anatikisa kichwa. Tumempoteza mghani, si kwa sababu alisahau ubeti mmoja, bali kwa sababu kicheko cha kosa lake kilinyakuliwa na wengine kabla yeye hajapata nafasi ya kukimiliki.

Huenda mwalimu mkali akasema kwamba nataka tuwaengeenge watoto na kuwafunza uzembe. Sivyo. Anayelicheka kosa lake mwenyewe hulitaja kinaganaga: futi hazikuwa mita, maneno hayakukaririwa, moshi haukufikiriwa. Hilo ni darasa la hisabati, la maandalizi na la sayansi kwa pamoja. Anayelificha kosa lake kwa hofu ya kuaibishwa ndiye atakayelirudia, kwani hakuna aliyepata nafasi ya kulichunguza pamoja naye. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja litakaloigharimu shule shilingi nyingi. Kwanza, mazoezini mambo na yaharibiwe kwa makusudi. Mwalimu auzime muziki katikati ya ngoma, aufiche mkwiro mmoja, amguse mwimbaji kiongozi aketi ghafla, halafu aone kama kwaya itajua pa kushika. Mghani afunzwe kuruka hadi ubeti anaoukumbuka na kuendelea bila kuomba radhi.

Pili, watazamaji nao wafunzwe. Msanii anapokwama, ukumbi mwungwana humpigia makofi mara moja ili apate kupumua. Kule Gothenburg mashabiki walimngoja aliyeanguka. Watoto wetu wanaweza kufunzwa kumngoja mwenzao kwa sekunde kumi.

Tatu, baada ya tamasha kundi zima liketi pamoja, na kila mmoja asimulie lililomharibikia. Ni muhimu mwalimu awe wa kwanza kusimulia lake. Mwanafunzi akimsikia mwalimu wake akieleza namna alivyosahau maneno ya wimbo mbele ya mgeni wa heshima, naye atathubutu kusema. Masimulizi hayo yakiandikwa, hayo ndiyo insha ambazo mtahini hachoki kuzisoma, kwa kuwa hazikukaririwa kutoka kitabuni.

Nne, kabla ya yote hayo, mtu mzima mmoja apewe jukumu la kukagua jukwaa: nyaya zilizolala sakafuni, mabenchi yanayobeba kwaya, milango iliyofungwa kwa kufuli. Tahadhari kabla ya athari. Pasipo ukaguzi huo, haya mengine yote ni maneno matupu.

Wahenga walinena kwamba kuteleza si kuanguka. Wanamuziki hawa waliteleza, na mmoja wao akaanguka kwelikweli, nao wakayaeleza yote kwa vinywa vyao wenyewe. Msimu wa tamasha utakapowadia na mtoto akakwama mbele ya ukumbi uliofurika, mwalimu wake atakuwa na chaguo moja la haraka kati ya kujishika kichwa na kumtazama machoni, amwashirie aendelee. Siku moja, akiwa mtu mzima, mtoto huyo atakisimulia kisa chake. Namna atakavyokisimulia, kwa kicheko au kwa uchungu, itategemea mno alichokiona usoni mwa mwalimu wake dakika hiyo.