Tamko la Wazazi na Wahitimu wa Mkongani Kuhusu Naibu Chansela Mpya na Fedha za Michezo

Sisi, wazazi, walezi na wahitimu wa vyuo vikuu kutoka Mkongani, Kaunti ya Kwale, tumekutana na kuafikiana kutoa tamko hili kuhusu uongozi mpya wa chuo kikuu cha umma wanakosoma watoto wetu wengi. Naibu Chansela tumemwandikia barua kwa jina lake. Hapa hadharani hatumtaji yeye wala chuo, kwa kuwa tunayoyadai yanamhusu kila anayekalia kiti hicho, Pwani na bara.

1. Tunamkaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Chansela huonekana siku ya mahafali na joho lake. Naibu Chansela ndiye mtendaji mkuu, na hesabu za chuo zikiulizwa, yeye ndiye hujibu. Kwa hiyo hatutampima kwa hotuba za kukaribishwa wala kwa picha akipokea kombe. Tutampima kwa karatasi moja: pesa za michezo zilizoingia na zilivyotumika.

2. Sababu yetu. Mwenzetu mmoja, muuza maembe na madafu, alikuja mkutanoni na risiti za bintiye amezifunga kwenye pindo la leso. Alizifungua moja moja mezani. Kila mwaka, chini ya karo, pana mstari wa ada ya michezo. Bintiye hucheza kandanda, lakini jezi ya chuo hajapata kuivaa, na mpira wa mazoezi huazimwa kwa wavulana wakishamaliza wao. Hatusemi kuna kilichoibwa. Tunasema hatujaonyeshwa.

Tangu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo uzinduliwe 2023, msaada wa serikali hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia, na kiasi kingine hubaki kwa mzazi. Hapa kwetu ndovu wa Shimba Hills wakishuka usiku, shamba la mahindi halitoi tena karo. Kwa mkulima huyo, ada ya michezo si pesa ndogo.

3. Hatupingi michezo. Mcheza kwao hutunzwa. Mkimbiaji Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University, Marekani, alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Chuo kilichomfadhili hakikutupa pesa. Lakini pia tunamkumbuka Robert Hutchins, aliyepewa uongozi wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1929 akiwa na miaka 30. Aliona timu ya mpira wa Kimarekani imekuwa na sauti kuliko darasa, na mwaka 1939 akaifuta. Timu ya chuo ilirejea 1969, kwa kiasi. Hatumwombi Naibu Chansela afute kitu. Tunamwomba awe na ujasiri wa kuuliza, kabla ya kutia sahihi: shilingi hii inamchezesha mwanafunzi yupi?

4. Tunadai:

(a) Bajeti na matumizi ya michezo yabandikwe chuoni na kwenye tovuti kila mwaka wa fedha, kila timu na kiasi chake, na safari za maafisa zisichanganywe na za wachezaji. Katiba, Ibara ya 35 na ya 201, inatupa haki ya habari na uwazi wa fedha za umma.

(b) Pesa zianzie uwanjani: nyasi, mipira, vyoo na huduma ya kwanza kwa wanafunzi wote. Timu teule zifuate. Ujumbe wa viongozi uje mwisho.

(c) Wasichana na wanafunzi wenye ulemavu wapewe vifaa na saa zao za uwanja, zikiwa zimeandikwa kwenye ratiba.

(d) Wanafunzi waliochaguliwa na wenzao wakae kwenye kamati inayopanga fedha hizo.

(e) Ada isipandishwe kabla ya wazazi na wanafunzi kusikizwa.

5. Hatua zetu. Pamoja na barua yetu tumeambatisha ombi rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Kukiwa kimya, tutaelekea kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hatutafunga barabara wala kumtukana mtu. Na tukijibiwa, tutasoma majibu hayo hadharani, yawe matamu au machungu.

6. Nasi tuna mchango wetu. Uwanja ukihitaji kusawazishwa, tutakuja na majembe Jumamosi yoyote tutakayoambiwa.

Risiti za mwenzetu tumezitoa nakala na kuziambatisha na barua. Zenyewe zimerudi kwenye pindo la leso, zikisubiri ya mwaka ujao.

Limetolewa Mkongani, Kwale, na kamati iliyoteuliwa na mkutano.