Somo la madini lianzie kwenye mjengo wa Gatina

Mwanafunzi wa Gatina, mtaa wa Nairobi, huambiwa kwamba dhahabu iko Migori, vito viko Taita-Taveta na magadi yako Magadi. Huyakariri majina hayo pamoja na kaunti zake, huyaandika kwenye mtihani, kisha huyasahau. Anachobaki nacho ni imani kwamba madini ni mali ya mbali, ya watu wengine, na kwamba mtaani kwake hakuna kitu ila vumbi na mabati. Imani hiyo si kweli, na inamdhuru. Nashikilia kwamba somo la madini linafaa kuanzia papo hapo Gatina, kwa jiwe ambalo mtoto anaweza kulishika, kulikwaruza na kuuliza limetoka wapi.

Tazama mjengo wowote unaoinuka mtaani. Mawe ya kuta, yale ya kijivu yanayokatwa kwa mashine na kuletwa kwa malori kutoka machimbo ya Ndarugu, ni majivu ya volkano yaliyotua, yakalundikana na kushikamana. Ndiyo maana yana vishimo vidogo na hukatika bila taabu kubwa. Mchanga uliomwagwa kando yake una historia nyingine kabisa. Ule unaotoka mito ya Machakos umemomonyoka kutoka miamba ya kale iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, kabla Bonde la Ufa halijafunguka. Chembe zake nyingi ni kwatsi, na vibamba vinavyometameta juani ni ulanga. Pitisha sumaku humo, nayo itatoka na ndevu nyeusi za magnetaiti. Kwa nini kwatsi ndiyo iliyojaa? Kwa sababu felspa, iliyokaa nayo katika mwamba ule ule, huliwa polepole na maji ya mvua yenye asidi hafifu hadi ikageuka udongo wa mfinyanzi, ilhali kwatsi haiguswi kirahisi. Felspa za lava ya Nairobi zimepitia safari hiyo hiyo. Palipo na mteremko na maji yakapita, zikawa udongo mwekundu kama wa Dagoretti, uliotiwa rangi na kutu ya chuma. Palipo tambarare na maji yakatuama, zikawa udongo mweusi kama wa upande wa Embakasi, unaovimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi hadi kuta zikaingia nyufa. Fundi anajua kwamba udongo ule mweusi lazima uondolewe kabla ya msingi kuwekwa. Mtoto wake anaweza kujua kwa nini.

Kutambua madini, kwa hiyo, si kukariri majina, wala si kutazama rangi. Rangi hudanganya kuliko sifa nyingine zote. Kijani cha kito cha Taita-Taveta kiitwacho tsavorite kinaweza kuigwa na kipande cha chupa ya soda, lakini chupa haiwezi kuikwaruza tsavorite, na tsavorite huikwaruza chupa. Mjerumani Friedrich Mohs alipanga ngazi ya ugumu huo mwaka 1812, na hadi leo hakuna anayehitaji umeme ili kuitumia: ukucha uko karibu na 2.5, kioo karibu na 5.5, kwatsi ni 7. Paraiti inang'aa kama dhahabu, lakini ukiisugua nyuma ya kigae, upande usio na rangi ya kung'aa, huacha mstari mweusi, na dhahabu huacha wa njano. Kisha kuna uzito. Kilo moja ya dhahabu safi hujaza mililita 52 tu, kama robo ya kikombe cha chai, na kilo ya brasi hutaka zaidi ya maradufu ya nafasi hiyo. Jiji hili limejipatia jina baya kwa biashara ya dhahabu bandia, na wageni wamepoteza fedha nyingi mno kwa kutazama rangi peke yake.

Wapo watakaosema kwamba mzazi wa Gatina anatafuta karo na kodi ya nyumba, na kwamba elimu ya mawe ni anasa kwa mtaa usio na mgodi. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu umaskini wa hapa si wa kubuni. Lakini madini yako ndani ya sufuria ya mzazi huyo huyo. Magadi yanayolainisha maharagwe ni madini kamili, yaliyofanyika pale chemchemi za moto zilipopita kwenye miamba ya volkano, zikabeba sodiamu na kuimwaga ziwani ambako jua lilikausha maji. Ziwa Magadi ni hazina kubwa ya elimu, kiasi kwamba mwaka 1967 mtaalamu Hans Eugster alieleza madini mawili mapya kutoka huko, na moja limepewa jina la nchi yetu, kenyaite. Miamba ya volkano ya aina hiyo hutoa pia fluoridi, ambayo huingia katika maji ya visima virefu, na magadi yenyewe huweza kuibeba. Haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi, bali maji yanapopungua kwa mvuke, iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekunywa zaidi ya hapo wakati meno yake yanajijenga huweza kukua na meno ya kahawia. Mama anayenunua mtungi wa maji anastahili kulijua jambo hili, tena kabla ya kujua dhahabu iko kaunti gani.

Wengine watasema majaribio haya mepesi hupotosha, na kwamba kazi hiyo ni ya wataalamu. Ni kweli kwamba yana mpaka. Tungsteni ina uzito unaokaribiana sana na wa dhahabu, na fluoridi haionekani ila kwa kipimo cha maabara. Lakini aliyezoea kupima hujua pale kipimo chake kinapokoma, na ndiye atakayedai kwa muuza maji cheti cha maabara. Aliyekariri majina hana la kudai.

Walimu, nao, wanalemewa na madarasa yaliyofurika, na sitaki waongezewe mzigo wa vifaa. Kigae kilichovunjika, msumari, ndimu, magadi kidogo na sumaku ya spika iliyoharibika vinatosha kuanza. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iandike somo hilo kwa Kiswahili, na safari ya kwanza ya kimasomo isivuke lango la shule: watoto waende ukutani, walikwaruze jiwe kwa msumari, na mwalimu awaulize vile vishimo vimetoka wapi.