Ubaguzi wa rangi hatukuzaliwa nao

Waliokata tamaa husema ubaguzi wa rangi ni maumbile, mtoto huzaliwa nao. Si kweli. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa miezi 3 walioonyeshwa picha za nyuso. Watoto wa Kizungu waliokulia Israel walikazia macho zaidi nyuso za Wazungu. Wa Ethiopia waliolelewa kwao walikazia za Waafrika. Lakini watoto wa Kiethiopia waliokulia Israel, waliozoea kuona sura za aina zote mbili, hawakupendelea upande wowote. Tena, kutazama sura uliyoizoea si chuki. Chuki hufundishwa baadaye, mara nyingi na watu wanaompenda mtoto huyo kwa dhati.

Wengine hujitetea: "Moyo wangu safi, simchukii mtu." Naamini wengi wao husema kweli, ila haitoshi. Wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maombi ya kazi karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, Marekani. Sifa zililingana, majina yakatofautiana: Emily na Greg huku, Lakisha na Jamal kule. Wenye majina ya Kizungu walipigiwa simu mara moja kwa kila maombi 10 hivi; wenye majina ya Weusi, kwa kila 15.

Hoja inayopotosha zaidi ni ile inayofanana na dawa: wachanganyeni tu, watazoeana. Tangu 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alionya kwamba kuchanganyika husaidia pale watu wanapokuwa na hadhi sawa na lengo moja, wanaposhirikiana, na wakubwa wao wanapounga mkono. Mwaka 1971, huko Austin, Texas, watoto Weusi, Wazungu na wenye asili ya Meksiko waliwekwa darasa moja, wakaishia kupigana. Mwanasaikolojia Elliot Aronson, aliyeitwa kusaidia, aliona kwamba darasa lenyewe lilikuwa uwanja wa mashindano: kila anayenyoosha mkono anaomba mwenzake akosee. Akaligawa somo vipandevipande. Katika kila kikundi, mtoto mmoja alipewa kipande ambacho wenzake hawana, awafundishe. Aliyemcheka mwenzake anayebabaika alijikosesha somo mwenyewe, na mtihani unakuja. Wakajifunza kusikilizana, kisha wakaanza kupendana. Alama za watoto Weusi na wa asili ya Meksiko zilipanda. Za Wazungu hazikushuka.

Mwalimu mwenye darasa la mchanganyiko, usianze na mahubiri ya upendo. Wape watoto kazi ambayo hakuna atakayeimaliza peke yake.